PUMBA, KUVU NA UTUMBO WA MLAJI
Namna kilimo na uhifadhi wa mahindi unavyogusa afya ya mwanachama na jamaa yake

Imekuwa desturi kuhesabu kwamba kazi ya mkulima hukoma siku gunia linapopandishwa mizanini na stakabadhi ikaandikwa. Yanayofuata baada ya hapo, yaani kukoboa, kusaga, kupika na kula, huachiwa mwenye mashine na mama wa nyumbani. Fikra hiyo yafaa itazamwe upya. Punje ya mahindi haibadiliki asili yake kwa kupita katika mikono mingi. Jinsi ilivyopandwa, ilivyovunwa na ilivyoanikwa huingia nayo tumboni, na humo tumboni hukutana na viumbe ambavyo wakulima wengi hawajapata kuelezwa habari zake.

Jambo hili lawahusu wanachama wa vyama vya msingi kuliko watu wa mijini. Mahindi yauzwayo na mahindi yabakiayo nyumbani hutoka katika shamba moja, huanikwa juu ya ardhi moja, na mara nyingi hulala chini ya paa moja. Kasoro inayompunguzia mkulima bei sokoni ndiyo hiyo hiyo anayoipakua katika sahani za watoto wake.

VIUMBE VYA UTUMBONI

Neno "vijidudu" limezoeleka kwa ubaya. Mtu alisikiapo hufikiri kipindupindu au homa ya matumbo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vijidudu vinavyoishi ndani ya binadamu havimletei ugonjwa, na vingi vyamsaidia. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa makadirio kwamba mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribia ile ya seli za mwili wenyewe, ingawa uzito wao wote haufikii nusu kilo. Karibu wote wamo katika utumbo mpana.

Kazi yao yaweza kufahamika kwa mfano wa togwa. Anayetengeneza togwa hupika uji, akautia kimea, akauacha. Baada ya muda uji huo hugeuka ladha na kuwa mchachu, kwa kuwa bakteria wamekula sukari iliyomo na kutoa asidi. Utumbo mpana nao ni chungu cha namna hiyo. Wanga laini na sukari humeng'enywa mapema katika utumbo mwembamba na kuingia katika damu. Lakini katika nafaka, kunde, mboga na matunda kuna sehemu ambayo mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuimeng'enya. Sehemu hiyo huitwa nyuzinyuzi, na wataalamu wa lishe huiita pia makapi mlo. Nyuzinyuzi hupita hadi utumbo mpana, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi za namna tatu kubwa: asetati, propionati na butirati.

Asidi hiyo ya tatu yastahili kukumbukwa. Seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutokana na butirati, na ukuta huo ndio unaozuia uchafu wa utumboni usiingie katika damu. Juu ya ukuta pamepakwa ute laini. Majaribio yaliyofanywa kwa panya na kutangazwa mwaka huo huo wa 2016 yalionyesha kwamba panya walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria wao waliugeukia ute huo wakaanza kuula, mpaka ukawa mwembamba na vijidudu vya maradhi vikapata njia.

Habari ya nyuzinyuzi si ngeni katika Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 kuanzia mwaka 1946, pamoja na Dakta Hugh Trowell, aliyekuwa Kenya na Uganda, walitambua kwamba saratani ya utumbo mpana na maradhi mengine ya tumbo yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalikuwa adimu miongoni mwa watu wa vijijini katika Afrika. Katika miaka ya 1970 walieleza kwamba sababu moja kubwa ni chakula kisichokobolewa. Wakati ule hawakuweza kuonyesha ni kwa njia gani nyuzinyuzi hufanya kazi hiyo. Bakteria ndio sehemu ya jibu iliyokuwa imekosekana.

Majaribio mawili ya miaka ya karibuni yatosha kuonyesha jinsi mabadiliko yanavyotokea upesi. Katika jaribio la kwanza, lililotangazwa mwaka 2015, Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika na watu 20 wa vijijini mkoani KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walibadilishana vyakula kwa majuma mawili. Wamarekani walipewa chakula cha kijijini, na nyuzinyuzi walizokula kwa siku zikapanda kutoka gramu 14 hadi 55. Watu wa KwaZulu-Natal walipewa nyama nyingi, mafuta na vyakula vilivyokobolewa, na nyuzinyuzi zao zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12. Kwa majuma hayo mawili tu, butirati iliongezeka zaidi ya mara mbili kwa Wamarekani na kupungua kwa nusu kwa wale wengine, na dalili za muwasho katika ukuta wa utumbo zikafuata mkondo huo huo.

Jaribio la pili lilifanyika mkoani Kilimanjaro, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2025. Vijana wa kiume 77 wenye afya njema walishiriki. Baadhi yao waliozoea chakula cha asili walipewa kwa majuma mawili chakula cha namna ya Kizungu, wengine waliozoea vyakula vya mjini wakapewa chakula cha asili, yaani kunde, ndizi, mboga na nafaka zisizokobolewa, na kundi jingine likanywa mbege kila siku kwa juma moja. Waliohamia chakula cha Kizungu damu yao ilionyesha dalili za kuvimba kwa ndani, na kinga yao ilijibu vijidudu kwa udhaifu zaidi. Waliohamia chakula cha asili, na hata wale wa mbege, dalili hizo zilipungua. Majuma manne baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana. (Wapenzi wa mbege wasikimbilie kuifanya habari hii kuwa cheti cha daktari. Watafiti walipima kinywaji kilichochachuka, kwa kiasi na kwa siku zilizohesabiwa. Hawakupima vilabu vya Jumapili.)

KINACHOPANDWA NDICHO KINACHOLIWA

Bakteria wa utumboni si wa aina moja, wala hawali kitu kimoja. Wako wanaopenda nyuzinyuzi za maharage, wako wa pumba za nafaka, wako wa ndizi mbichi na viazi. Mtu alaye vyakula vya namna nyingi hulisha bakteria wa namna nyingi. Alaye ugali mweupe mwaka mzima hulisha wachache, na wengine hupungua.

Hapa ndipo kilimo kinapoingia. Katika kihamba cha Wachaga, mkahawa haukuwahi kusimama peke yake: juu yake pana mgomba na miti ya kivuli, chini yake pana maharage na magimbi, na kandoni pana viazi vikuu vilivyopanda mtini. Shamba hilo lilileta fedha na chakula kwa pamoja. Katika sehemu nyingine za nchi, mtama, ulezi, kunde na karanga vilichanganywa katika shamba moja kwa kuhofia ukame. Aliyepoteza kimoja alivuna kingine. Katika miongo iliyofuata mahindi yameenea, na hapana ubaya katika hilo, kwani mahindi ndiyo yaliyowashibisha wengi. Ubaya huja pale yanapoachwa peke yake shambani na kisha yanapokobolewa yakawa sembe.

Vyama vya msingi vina sehemu yao katika mabadiliko hayo. Orodha ya pembejeo za mkopo katika vyama vingi ina mbegu ya mahindi, mbolea ya chumvichumvi na dawa ya viwavi. Mkulima hupanda alichokopeshwa. Asiyekopeshwa mbegu ya kunde hapandi kunde, na asiyepanda kunde haili ila siku ya kununua. Kamati inayopitisha orodha hiyo huamua, bila kukusudia, ni bakteria gani watakaokula na ni wapi watakaofunga.

Kilimo cha kuchanganya mahindi na mbaazi, kinachojulikana sana Babati na Karatu, ni mfano ulio karibu. Mbaazi huchelewa kukomaa, hivyo haishindani sana na mahindi. Mizizi yake huhifadhi naitrojeni kutoka hewani, na majani yake yaangukapo hurutubisha udongo. Ni kweli kwamba wakulima wengi waliumia mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake na bei ikaanguka. Tukio hilo limewaacha wengi na chuki juu ya zao hili. Lakini lafaa kuulizwa swali moja: mbaazi zilizokosa mnunuzi zilikosaje pia kuingia chunguni? Zao lililozoeleka kuwa la kuuza peke yake hugeuka takataka mnunuzi anapoondoka, hata kama ni chakula bora kuliko kile kinachonunuliwa dukani.

Udongo nao una neno lake. Utafiti uliofanywa Ethiopia na Malawi na kutangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kiasi cha zinki, chuma na seleniamu katika nafaka hutofautiana sana kutoka eneo hadi eneo. Zinki ni madini yanayohusiana moja kwa moja na utumbo: ndiyo maana tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza kwamba mtoto anayehara apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari.

Samadi hujenga udongo, lakini itumike ikiwa imeoza barabara. Samadi mbichi iliyomwagwa juu ya mchicha huleta mayai ya minyoo na bakteria wa kuharisha. Lundo lililopangwa vizuri na kugeuzwa hupata joto la kuua wengi wao.

Kuhusu dawa za magugu na za wadudu, maneno mengi husemwa, na mengine yamezidi kipimo. Mengi ya majaribio yanayohusu dawa hizo na bakteria wa utumbo yamefanywa kwa wanyama wa maabara. Lisilo na ubishi ni kwamba dawa ya kunyunyiza shambani isitiwe katika nafaka ya ghalani, na kwamba idadi ya siku iliyoandikwa katika kopo, kati ya kunyunyiza na kuvuna, haikuandikwa kwa kupamba kopo.

SHAURI LA DONA NA KIKWAZO CHAKE

Kutokana na hayo yote, shauri hutolewa upesi: watu waache sembe, wale dona. Shauri hilo ni jema, kwa kuwa pumba na kiini cha punje ndivyo vyenye nyuzinyuzi nyingi na sehemu kubwa ya vitamini. Mashine ya kukoboa huviondoa vyote viwili, na mwenye mashine huviuza kwa wafugaji. Ng'ombe hupata nyuzinyuzi, mtoto hupata wanga mtupu.

Hata hivyo pana kikwazo ambacho watoa mashauri wengi hukiruka. Kuvu inayoshambulia mahindi hukaa zaidi katika pumba na kiini hicho hicho. Mahindi yenye kuvu yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Yakisagwa dona, sumu yote hubaki katika unga. Kumhimiza mtu ale dona bila kuuliza mahindi yake yalianikwa namna gani ni sawa na kumhimiza anywe maji mengi bila kuuliza kisima. Kwa hiyo mtu hawezi kuzungumzia afya ya utumbo kabla hajazungumzia turubai, kichanja na ghala.

SUMUKUVU

Kuvu inayohusika huishi katika udongo na mabua. Ina rangi ya kijani inayoelekea manjano, na katika hali fulani hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, wala haionekani kwa macho. Kuchemsha hakuiondoi, kwani hustahimili joto kubwa kuliko la sufuria ya ugali. Ikinyonywa katika utumbo mwembamba huenda katika ini, na ini katika jitihada za kuigeuza huizaa upya ikiwa kali zaidi, yenye kuharibu chembe za urithi ndani ya seli. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Kwa mtu mwenye homa ya ini ya aina B hatari hizo mbili huzidishana.

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2004, wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, zilipatwa na maafa: wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao walifariki. Baadhi ya sampuli za mahindi kutoka masokoni zilizidi mikrogramu 1,000 za sumukuvu kwa kilo. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wa walioathirika walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Mwaka 2016 zamu ikafika Tanzania. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa.

Vifo hivyo vilitokana na kiasi kikubwa kilicholiwa kwa muda mfupi. Kiasi kidogo cha kila siku hakiui papo hapo, bali humpunguza mtu polepole, na wa kwanza kupunguzwa ni mtoto aliyeachishwa ziwa na kuanzishiwa uji wa mahindi. Nchini Benin watafiti walifuatilia watoto 200 kwa miezi 8 na kutangaza matokeo mwaka 2004: watoto wenye sumukuvu nyingi zaidi katika damu walikua kwa sentimita 1.7 pungufu kuliko wale wenye kidogo zaidi. Mama wa mtoto wa namna hiyo huambiwa kliniki kwamba hamlishi vya kutosha, naye humwongezea uji kutoka katika gunia lile lile.

Kipimo kinachokubalika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi. Kwa hesabu ya ghala, hiyo ni gramu moja katika magunia 1,000 ya kilo 100. Gramu moja ni kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili.

SUMU HUANZA WAPI

Huanza shambani. Mmea uliopata kiu wakati wa kujaza punje hudhoofika, na kuvu hupata nafasi. Mahindi yaliyotobolewa na viwavi au ndege huwa na mlango uliokwisha kufunguliwa. Kupanda mapema, kupanda mbegu inayokomaa kabla ya mvua kukatika, na kutolima mahindi juu ya mahindi miaka nenda miaka rudi ni kinga ya kwanza. Kilimo cha kubadilisha mazao, kile kile kinachowalisha bakteria wa utumboni chakula cha namna nyingi, hupunguza pia kuvu katika udongo.

Ipo kinga nyingine ambayo mwanzoni huwashangaza watu, nayo ni kupambana na kuvu kwa kuvu. Si kila kuvu ya kundi hili hutengeneza sumu. Wataalamu walizitafuta zile zisizo na sumu katika udongo wa Tanzania wenyewe, wakazipaka juu ya punje za mtama uliouawa usiote. Mtama huo, uitwao Aflasafe, ulisajiliwa nchini mwaka 2018. Humwagwa kwa mkono shambani majuma mawili hadi matatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, kilo 4 kwa eka, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu njema huwahi nafasi, na ile mbaya hukosa pa kukaa. Sumukuvu hupungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mkulima mmoja akimwaga katikati ya majirani wasiomwaga hupata faida, lakini chama kinachoagiza kwa ajili ya kijiji kizima hupata faida kubwa zaidi, kwa kuwa kuvu haijui mpaka wa shamba.

Huendelea katika kuvuna. Punje iliyokomaa ina kidoa cheusi mahali iliposhikana na gunzi. Anayebandua ncha ya punje na kukiona, na avune. Mahindi yanayoachwa yasimame shambani mwezi mzima kwa sababu shughuli ni nyingi hunyeshewa, huliwa na fukusi na dumuzi, na kuanguka chini ambako kuvu yangoja. Dumuzi, aliyetambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, haharibu kwa kula tu: unga anaouacha na matundu anayotoboa ni kitanda cha kuvu.

Hukomaa katika kuanika. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, mkeka au kichanja, kamwe si juu ya ardhi tupu, na yafunikwe au kuingizwa ndani jioni. Wengi huyaingiza ndani ya nyumba ya kulala yakiwa mabichi kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini mahindi mabichi yaliyorundikwa katika chumba kisicho na hewa hupata joto lenyewe kwa wenyewe, na kilichookolewa kwa mwizi hupotea kwa kuvu. Kihenge kilichoinuliwa chenye kufuli, au ghala la chama lililofunguliwa mapema kwa ajili ya kuanika, ndiyo njia ya kuwatoa wanachama katika hofu hiyo.

MIZANI YA CHAMA NA MAJI

Sehemu hii yawahusu makatibu na watunza ghala moja kwa moja. Kiwango cha unyevu kinachotakiwa kabla ya kuhifadhi hakizidi asilimia 13.5. Chama kinachonunua kwa uzito bila kupima unyevu kinanunua maji, tena kinamtunza aliyeharakisha na kumwadhibu aliyeanika vizuri, kwa sababu gunia la aliyeanika limekwisha pungua uzito.

Hesabu yake ni rahisi. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 82 za punje kavu na kilo 18 za maji. Yakifika asilimia 13.5, zile kilo 82 kavu huwa ni asilimia 86.5 ya uzito mpya. Uzito huo mpya ni kilo 94.8. Zimepotea kilo 5.2 bila panya wala mwizi. Kwa magunia 1,000 upungufu ni kilo 5,200, sawa na magunia 52. Ukaguzi ukifika, daftari la mapokezi husoma tani 100 na mizani ya kutolea husoma tani 94.8, na wanachama katika mkutano mkuu hudai kuelezwa magunia 52 yameliwa na nani. Katibu asiyeandika unyevu siku ya kupokea hana la kujibu. Amekwisha kusimamishwa kazi katibu mwaminifu kwa sababu ya maji.

Na hiyo ndiyo hasara iliyo nafuu, pale mahindi yanapopata bahati ya kukaukia ghalani. Yasipokauka huota kuvu, na magunia machache mabichi katikati ya mrundiko hupeleka unyevu kwa yale makavu yaliyo jirani.

Chama chenye uwezo kinunue kipima unyevu. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na magunia 52. Kisicho nacho kisikae bure. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya chakula, kisha punje za mahindi hadi kufikia theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika chache, halafu iache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na gunia lirudi juani. Isipogandamana, unyevu uko chini ya hapo. Kipimo hiki hakimfikishi mtu hadi asilimia 13.5, kwa hiyo mahindi yaliyofaulu mtihani wa chumvi yaongezewe siku nyingine ya jua kabla ya kupangwa.

Punje za kupimia zitolewe kwa bambo katika magunia mengi, juu, katikati na chini. Kuvu haisambai sawasawa. Gunzi moja laweza kubeba sumu ya gunia zima, na anayechota kiganja kimoja mdomoni mwa gunia hupima bahati yake. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na ghala lipitishe hewa. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa kuua dumuzi bila dawa, lakini mahindi mabichi yakifungwa humo huharibika yote.

UCHAMBUZI NA MAKAPI YAKE

Kuchambua kwa mikono bado ni silaha kubwa nyumbani. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa ndizo zenye sumu nyingi. Zikiondolewa, sumu katika zilizobaki hupungua sana, na hapo ndipo mtu aweza kusaga dona kwa moyo mweupe. Maabara zimeonyesha pia kwamba baadhi ya bakteria wanaochachusha maziwa na uji huweza kunasa sehemu ya sumukuvu kabla haijanyonywa. Hilo ni nyongeza ya ulinzi, lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kutengenezea togwa mahindi mabovu.

Limebaki shauri la makapi. Desturi iliyopo ni kwamba mahindi mabovu huenda kwa wapika pombe, na yaliyozidi ubovu huenda kwa kuku na ng'ombe. Ni desturi mbaya. Pombe haiondoi sumukuvu, na mnywaji mwenye ini lililokwisha choka ndiye asiyepaswa kuongezewa. Ng'ombe wa maziwa aliyelishwa pumba zenye sumukuvu huitoa tena katika maziwa ikiwa imebadilika umbo, nayo hurudi katika kikombe cha mtoto yule yule aliyekingwa na uji. Makapi hayo yafukiwe mbali na kisima, na chama kinachochambua mahindi ghalani kiandike katika daftari la ghala tarehe, uzito wake, na jina la mjumbe wa kamati aliyeshuhudia yakifukiwa.